Chama chenu kikitaka kutuma neti za mbu ushago

Nairobi yenyewe malaria si nyingi, tuko karibu mita 1,800 na hii baridi haimfai Anopheles, yule mbu anayeeneza malaria, lakini nusu ya ploti ni watu wa Siaya, Busia, Migori ama Kilifi, na huko watoto bado wanalazwa. Kama mmeamua kuchanga, haya:

Kwanza msinunue kitu. Pigieni simu mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji, muulize neti za serikali zilikuja lini (hugawanywa karibu kila miaka 3) na boma gani zilikosa. Wajawazito na watoto chini ya mwaka mmoja hupewa bure kliniki, hao waelekezeni huko, zenu ziende kwa walioachwa. Hesabu ni watu 2 neti 1, lakini ulizeni pia watu wanalala aje, maana kuna nyumba watoto wanne wako kwa mkeka mmoja na wa tano analala jikoni.

Pesa iingie paybill ya chama, sio namba ya mtu, na mweka hazina atume stetimenti kwa grupu hata kama hakuna aliyeuliza.

Neti iwe imetiwa dawa kiwandani, someni lebo. Zile za duara za urembo zinapendeza lakini nyingi ni kitambaa tu, mbu akitua hapo anapumzika anaenda zake.

Sasa kazi yenyewe ni kutundika. Mkiacha bunda kwa chifu mpige picha mrudi, msishangae kupata zimefunika sukuma wiki ama zimeanikiwa omena. Bebeni misumari na kamba. Neti mpya ianikwe kivulini siku nzima, sio juani, jua linamaliza dawa, halafu mfunge kona nne, kwa nyumba ya udongo msumari uingie kwa mbao ya paa sio ukutani, ishuke mpaka ichomekwe chini ya godoro ama mkeka, na mama mwenyewe aifunge na kuifungua mkiwa hapo. Kuosha ni sabuni ya kipande na maji baridi, Jik ya kung'arisha nguo hapana, na yale maji yasimwagwe mtoni, dawa inaua samaki.

Pelekeni kabla ya mvua ya Machi. Baada ya mwezi pigeni simu muulize ngapi ziko juu ya kitanda, sio ngapi zilifika. Na wazee watauliza mbona wao wamerukwa, hilo jibu mlipange kabla gari halijatoka stendi ya Machakos Country Bus hapa Nairobi.