Somo la Python: Uliza mara moja, jibu liweke kwenye kamusi

Programu nyingi za mauzo zinazosemwa ni nzito hazina shida ya kompyuta. Uzito umo ndani ya kitanzi: kila mstari wa mauzo unakwenda tena kwenye hifadhidata kuuliza jina la bidhaa ileile. Faili likiwa na mistari 50,000 ya bidhaa 300, maswali ya lazima ni 300. Yale 49,700 yanauliza kilichokwisha kujibiwa.

Hatua ya 1: Kitazame kitanzi, kisha pima

```
for namba, kiasi in mauzo:
    jina = tafuta_jina(namba)
    andika(jina, kiasi)
```

Hapa `tafuta_jina` ndiyo inayokwenda kwenye hifadhidata. Weka `time.perf_counter()`, saa ya Python ya kupimia muda, kabla na baada yake. Ukikuta muda unaliwa na `andika`, tiba yako si hii.

Hatua ya 2: Fungua kamusi tupu nje ya kitanzi

Kamusi (`dict`) hutunza jozi za ufunguo na thamani, hapa namba ya bidhaa na jina lake. Nasisitiza nje. Ikiwa ndani, inaanza upya kila mzunguko na haikumbuki kitu.

```
akiba = {}
for namba, kiasi in mauzo:
    jina = akiba.get(namba)
    if jina is None:
        jina = akiba[namba] = tafuta_jina(namba)
    andika(jina, kiasi)
```

Wengi huishia hapa. Sasa fikiria bidhaa iliyokwisha kufutwa: `tafuta_jina` inarudisha `None`, na `None` hiyo inaingia kwenye akiba. Namba ileile ikija tena, `get` inatoa `None`, programu inadhani haijawahi kuuliza, na inakwenda tena kwenye hifadhidata. Faili lenye namba nyingi zilizokosewa litabaki zito vilevile, na ni vigumu kugundua kwa sababu matokeo yote ni sahihi. "Haipo" nalo ni jibu. Linastahili kutunzwa kama majibu mengine.

Hatua ya 3: Tenganisha "sijauliza" na "haipo"

```
BADO = object()

for namba, kiasi in mauzo:
    jina = akiba.get(namba, BADO)
    if jina is BADO:
        jina = akiba[namba] = tafuta_jina(namba)
```

`BADO` ni kitu cha pekee, hakuna jibu la hifadhidata litakalofanana nacho kwa `is`.

Tafadhali msivutiwe na ufupi wa `akiba.setdefault(namba, tafuta_jina(namba))`. Python hukokotoa kwanza kilicho ndani ya mabano, kwa hiyo hifadhidata itaulizwa kila mara, hata jibu likiwepo.

Hatua ya 4: Usiongeze ufunguo kwenye kamusi unayoipitia

Kama unazunguka juu ya kamusi ya `bei`, akiba iwe kamusi nyingine. Ukiongeza au kufuta ufunguo katikati ya safari, utapata `RuntimeError: dictionary changed size during iteration`. Kubadili thamani ya ufunguo uliopo hakuna tatizo. Na ukihitaji ufunguo na thamani vyote viwili, andika `for namba, kiasi in bei.items()`, usipitie funguo kisha ukarudi kutafuta `bei[namba]`.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, kwa nini tusitumie tu `lru_cache`, ile ya Python inayotunza yenyewe majibu ya funksheni?

Jibu: Itumieni, na `None` inaitunza bila shida. Ila usipoandika `maxsize` inabeba majibu 128, kisha inaanza kutupa lile lililokaa muda mrefu bila kuguswa. Bidhaa 300 zikija kwa mpangilio mmoja na kujirudia, kila utakayoihitaji itakuwa imeshatupwa. Hutaokoa hata swali moja. Weka `maxsize=None`, au `functools.cache` kuanzia Python 3.9. Jina likibadilika kwenye hifadhidata wakati programu inaendelea, ita `tafuta_jina.cache_clear()`.

Swali: Kaka, ufunguo wangu ni orodha ya tawi na namba. Inakataa: `unhashable type: 'list'`.

Jibu: Orodha huweza kubadilika, ndiyo maana haikubaliki kuwa ufunguo. Andika `akiba[(tawi, namba)]`.

Swali: Na sisi wa Java?

Jibu: Mnayo `computeIfAbsent`. Angalieni mambo mawili. Funksheni yenu ikirudisha `null`, `HashMap` haitunzi chochote, na mtego wa hatua ya 2 unarudi, hifadhini `Optional`, yaani kasha linaloweza kuwa tupu. Pia funksheni hiyo isiiguse `HashMap` hiyohiyo: tangu Java 9, ikigundulika, hurusha `ConcurrentModificationException`.

Swali: Mkuu, kama mauzo yote ninayo tayari, si bora nikusanye namba zote niulize kwa `IN` ya SQL mara moja?

Jibu: Ni bora kabisa, dada. Swali moja linashinda maswali 300. Tumia `set` kuondoa zinazojirudia, na zile ambazo hazikurudi na jina ziwekee `None` mwenyewe. Kwa SQLite, kabla ya toleo 3.32.0 kikomo cha kawaida ni alama 999 za `?` katika swali moja, hivyo namba zikizidi hapo zigawe kwa mafungu. Akiba ya kitanzi ibaki kwa mauzo yanayoingia moja moja, usipojua namba ipi inafuata.