Kabla Kundi Halijalipa Arbuni ya Hoteli ya Ufukweni

Kila mwaka theluji inapokaribia Minnesota, Ohio au Ontario, kwenye kundi la WhatsApp la watu wa nyumbani hakosekani mmoja wa kutupia picha ya bwawa la kuogelea la Cancún, Mexico, au Punta Cana, Jamhuri ya Dominika. Majibu yanamiminika: nipo, nipo, sisi tupo wawili. Unayeratibu, usiifanye hiyo kuwa orodha. Orodha ni ya waliotoa arbuni, na kabla ya arbuni kuna karatasi za kukagua. Hoteli ikijaa ipo nyingine. Pasipoti iliyokwisha muda, pale kaunta ya ndege, haina mbadala.

Kundi moja la watu wetu lina kila aina ya hati. Yupo raia wa Marekani, yupo mwenye grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani, na pasipoti ya Kenya, yupo mwanafunzi kutoka Tanzania, ipo familia ya Kikongo iliyopokewa kama wakimbizi. Mexico humruhusu mtu wa taifa lolote kuingia kwa utalii bila viza yake ikiwa ana ukaazi wa kudumu wa Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au nchi za Ulaya za eneo la Schengen, mradi kadi hiyo na pasipoti viwe hai. Mwenye viza halali ya Marekani naye hupita. Jamhuri ya Dominika ina utaratibu unaofanana na huo. Ndiyo maana mimi, kundi likiwa na pasipoti mchanganyiko, huanza na nchi hizo mbili kabla ya kufikiria kwingine. Hata hivyo sheria hubadilika, kwa hiyo kila mmoja athibitishe kwenye tovuti ya ubalozi kabla ya kulipa, asitegemee kwamba binamu yake alipita mwaka jana.

Wengine wanahitaji uangalifu zaidi. Hati ya kusafiria ya mkimbizi si pasipoti, na msamaha wa viza usidhani unaihusu; uliza ubalozi upate jibu la maandishi. Aliyeomba hifadhi Marekani na bado anasubiri uamuzi asivuke mpaka kabla ya kuzungumza na wakili, kwa sababu akitoka bila kibali cha kurejea anaweza kuhesabiwa ameliacha ombi lake. Mwanafunzi aangalie kama viza iliyobandikwa kwenye pasipoti bado ina muda na kama fomu yake ya I-20, ile hati ya chuo inayothibitisha masomo yake, ina saini ya safari kutoka ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, au na shangazi, abebe barua ya idhini ya mzazi aliyebaki, iliyosainiwa mbele ya mthibitishaji. Na kama kuna mwenye pasipoti ya Kenya inayokaribia kwisha, aanze sasa hivi, kwani alama za vidole hazichukuliwi kwa posta na ubalozi wenyewe unaweza kuwa umbali wa safari ya ndege.

Halafu majina. Sisi tuna majina matatu, mara nyingine manne, na haijulikani daima lipi la ukoo. Said Ali Mohamed kwenye leseni ya udereva anaweza kuwa Mohamed Said Ali kwenye pasipoti. Tiketi lazima ifuate pasipoti, na pa kutazama ni ile mistari miwili ya chini yenye alama nyingi, ndiyo mashine inayosoma. Unapokusanya majina usikubali kuandikiwa; omba picha ya ukurasa wenyewe, nayo itumwe kwako faragha, si mbele ya kundi zima. "Mama Brian" na "Fundi Juma" hawapandi ndege.

Sasa fedha, ambako urafiki hupimwa. Kundi likifika vyumba kumi hivi, wakala wa safari kwa kawaida anaweza kupata mkataba wa kundi. Usome kabla ya kufurahia bei. Malipo ya mwisho ni lini? Majina yanafungwa lini? Vyumba vingapi vinaweza kupunguzwa bila faini? Baada ya tarehe gani hakuna kurudishiwa? Hizo tarehe ziandike zikiwa wiki mbili mapema kuliko zilivyo, na hizo za mapema ndizo watu wajulishwe. Hoteli nyingi pia hutoa nafasi ya bure baada ya idadi fulani ya vyumba vilivyolipiwa. Semeni tangu mwanzo ni ya nani: ya mratibu kwa jasho lake, au thamani yake igawanywe kwa wote. Mimi naona mratibu anaistahili, ila isemwe hadharani. Ikigunduliwa baadaye, hakuna maelezo yatakayoeleweka.

Bei inayotangazwa ni ya mtu mmoja katika chumba cha wawili. Anayelala peke yake hulipa zaidi, tena kwa kiasi kinachouma, na hapo ndipo swali gumu huzaliwa: mwenzako wa chumba akijitoa Januari, nani anafidia? Andikeni kwamba anayejitoa hutafuta mtu wa kushika nafasi yake au hubeba tofauti. Vizuri zaidi kila mtu amlipe wakala moja kwa moja kwa kadi yake ya mkopo, kwani kadi ina njia ya kudai pesa mambo yakiharibika. Fedha iliyotumwa kwa simu kwenye akaunti ya mtu mmoja ni shida kuirudisha, na inamgeuza mweka hazina kuwa mshukiwa hata akiwa malaika. Yeye ashike mchango mdogo tu, wa basi na bahashishi.

Tarehe zina hesabu yake. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza Juni 1 na kuisha Novemba 30, na yale magugu ya bahari ya rangi ya kahawia, sargasamu, hufunika zaidi fukwe za Karibi kuanzia masika ya huko hadi kiangazi. Kwa hiyo Desemba hadi Februari bahari ni safi, na bei inalijua hilo. Wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya ndiyo ghali kuliko zote. Ukisogea hadi katikati ya Januari huwa kuna nafuu ya kweli. Machi vijana wa vyuo vya Marekani hufurika na muziki haulali. Kwa kundi lenye Waislamu kuna jambo moja zaidi: miaka hii Ramadhani inaangukia majira haya haya. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na Februari 8, mwezi ukiandama, na hakuna haja ya kulipia milo ya mchana ambayo nusu ya kundi haitaigusa.

Kuhusu hoteli, swali la kwanza ni kama inapokea watoto. Nyingi kati ya zile nzuri za Cancún na Punta Cana ni za watu wazima tu, na mtoto wa miaka kumi na saba hapiti getini hata aje na babu yake. La pili ni umbali: kutoka uwanja wa ndege wa Cancún hadi mji wa Playa del Carmen ni karibu saa moja, lakini mji wa Tulum uko karibu kilomita 120, na baada ya ndege iliyochelewa kilomita hizo huwa ndefu. La tatu ni chakula. Usiulize "mna halali?" kwa simu, utaambiwa ndiyo. Omba jibu la maandishi kuhusu nyama inatoka wapi na kama mafuta ya nguruwe yanatumika kwenye maharage, maana mapishi ya Mexico huyapenda. Jibu likiwa la kuzungukazunguka, hesabuni samaki, mayai na wali.

Tena, hoteli ikitangaza "kila kitu kimelipiwa", si kila kitu. Malazi, milo, vinywaji vya kawaida na mengi ya bwawani, sawa. Masaji, boti za injini, safari za kwenda kwenye magofu ya Wamaya ya Chichén Itzá, divai za bei na mara nyingine kamba wakubwa, hapana. Katika jimbo la Quintana Roo, ambako Cancún ipo, kuna pia ada ya mazingira inayolipwa hotelini kwa kila chumba kila usiku. Wasiokunywa pombe wataona wanawalipia wanaokunywa, na kweli ndivyo. Linganisheni na hoteli ya kawaida kabla ya kukata shauri. Meza za migahawa ya jioni ziombwe mapema, kwani kundi la watu ishirini halikai tu popote, na wanaume wabebe suruali ndefu na viatu vya kufunika.

Bima ya afya ya Marekani mara nyingi haivuki mpaka. Medicare, bima ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, kwa kawaida hailipi kabisa nje ya nchi, na bima za majimbo ya Kanada hulipa kidogo mno. Bima ya safari inunuliwe mara tu baada ya arbuni, kwa kuwa vipengele vya maana, kama kulinda mwenye kisukari au presha ya zamani, mara nyingi hupatikana ndani ya wiki mbili au tatu za malipo ya kwanza tu. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya chupa zake zenye jina la mgonjwa. Ila vidonge vya mafua vyenye pseudoefedrini viachwe nyumbani, Mexico imevipiga marufuku, na sigara za umeme vilevile. Dawa ya kufukuza mbu ni ya lazima kwa sababu ya homa ya dengi.

Bahari isichukuliwe kirahisi. Wengi wetu tumekulia bara, na hata wa Pwani tumezoea maji yaliyokingwa na miamba. Baadhi ya fukwe za eneo la Punta Cana zina mikondo inayovuta kwenda nje. Bendera ya kijani, ingia. Ya njano, kwa tahadhari. Nyekundu, kaa mchangani. Wateueni mapema watu wazima wawili wasiokunywa wa kuangalia watoto, kwa zamu. Pepo za kaskazini nazo huipiga Cancún majira haya, basi sweta jepesi moja.

Makoti mazito yabaki kwenye gari la atakayewapokea mkirudi. Jamhuri ya Dominika hutaka fomu ya kielektroniki ya kuingia na ya kutoka. Haina malipo, na tovuti inayotoza si ya serikali. Grini kadi isafiri mfukoni, kamwe isiwe kwenye sanduku la kupakiwa. Na embe la hotelini liliwe hotelini, forodha ya Marekani italichukua.