Delhi, Agra, Bharatpur, Ranthambore na Jaipur kwa siku 10: kupanga safari ya familia hatua kwa hatua

Kwa familia inayotaka kuona majumba ya kale na wanyamapori wa India katika likizo moja, mzunguko huu ndio wenye usumbufu mdogo kuliko yote. Vituo vyote viko kaskazini, na mwendo mrefu kabisa ni ule wa Jaipur kurudi Delhi, kilomita 270 hivi, saa tano kwa gari. Kinachoharibu safari ni kalenda. Taj Mahal hufungwa kila Ijumaa, Red Fort ya Delhi hufungwa kila Jumatatu, na kanda kuu za Ranthambore, mbuga ya chui milia, hufungwa Julai hadi Septemba. Anayelipia hoteli kwanza ndipo atafute tiketi, mara nyingi hujikuta Agra siku ya Ijumaa, mbele ya geti lililofungwa.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu: mwezi, siku ya kuwasili, tiketi za mbuga, treni, na hoteli mwisho.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Miezi mizuri kuliko yote ni Februari na Machi: mchana joto linavumilika, ukungu umeondoka na ndege wahamiaji bado wapo Bharatpur, hasa kabla Machi haijaisha. Bahati mbaya, shule za kwetu haziko likizo wakati huo, kwa hiyo familia nyingi huishia kwenye Juni, Agosti au Desemba.

Juni ni joto kali. Agra hupita nyuzi 40, na saa sita mchana marmari inakuchoma macho. Ila kwa mwenye shabaha ya kumwona chui milia, Juni ni mwezi mzuri mno: maji yamekauka kila mahali, wanyama wanajazana kwenye mabwawa machache yaliyobaki. Mwisho ni tarehe 30 Juni.

Agosti ni masika ya huko. Kanda 1 hadi 5 za Ranthambore zimefungwa, na zile za pembezoni hutegemea mvua. Ukiwa na Agosti tu, fanya safari ya majengo na usiwaahidi watoto chui milia.

Desemba ni baridi na ukungu. Treni huchelewa kwa saa kadhaa, na alfajiri unaweza kusimama mbele ya Taj Mahal usione hata kuba. Delhi nayo ina moshi mzito kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Januari. Mwenye mtoto wa pumu apunguze siku za Delhi na abebe dawa za kuvuta za kutosha.

Hatua ya 2: Fika Jumamosi

Ukitua Delhi Jumamosi, siku zinajipanga zenyewe:

- Jumamosi: kupumzika.
- Jumapili: Delhi. Red Fort iko wazi.
- Jumatatu: treni kwenda Agra, ngome ya Agra jioni.
- Jumanne: Taj Mahal, kisha Fatehpur Sikri, kulala Bharatpur.
- Jumatano: Keoladeo, hifadhi ya ndege ya Bharatpur, asubuhi; treni kwenda Sawai Madhopur, stesheni ya Ranthambore, mchana.
- Alhamisi na Ijumaa: Ranthambore.
- Jumamosi: treni kwenda Jaipur.
- Jumapili: Jaipur.
- Jumatatu: kurudi Delhi.

Faida ya pili ya mpango huu ni kwamba unakuwa Ranthambore katikati ya wiki, kabla wenyeji wa Delhi na Jaipur hawajafurika kwa mapumziko ya mwisho wa wiki.

Hatua ya 3: Kata tiketi za mbuga kabla ya kitu kingine chochote

Mtu aliyezoea Serengeti au Maasai Mara aweke kando mazoea yake. Ranthambore huingii na gari lako. Magari ni ya aina mbili: Gypsy, jipu la wazi la watu sita, na kanta, lori dogo la wazi la watu 20. Idadi ya magari kwa kila zamu ina kikomo, na tiketi hukatwa kwenye tovuti ya serikali ya jimbo la Rajasthan kwa jina na namba ya pasipoti ya kila abiria. Kanda imeandikwa kwenye tiketi, na dereva haruhusiwi kuvuka kwenda nyingine hata kama chui milia analala barabarani mita mia moja upande wa pili.

Chukua Gypsy. Kanta ni nafuu, lakini ina kelele, haipiti njia nyembamba, na mtoto aliyekaa kiti cha kati ataona migongo ya watu. Omba kanda 1 hadi 5. Kanda 3 na 4 ndizo zenye mabwawa, na hata chui milia asipotokea kuna mamba, tausi na kulungu wa kutosha kumfanya mtoto asichoke. Kata zamu tatu: Alhamisi asubuhi na mchana, Ijumaa asubuhi. Zamu moja ni kamari tupu. Kwa wiki ya Krismasi na siku za Diwali, nafasi huisha mapema sana.

Pasipoti utakayoonyesha getini iwe ileile uliyoijaza. Aliyebadilisha pasipoti katikati, au aliyekosea tarakimu moja, anaweza kuzuiwa, na pesa hairudi.

Wenye kadi ya OCI, ile ya raia wa nje wenye asili ya India, ambao Kenya na Tanzania ni wengi, wanatakiwa kutozwa kiingilio cha Mhindi kwenye hifadhi na majengo ya kale. Beba kadi yenyewe, nakala haitoshi.

Hatua ya 4: Treni

Dirisha la kukata tiketi hufunguliwa siku 60 kabla ya safari. Weka kengele kwenye simu. Chagua CC kwa safari za mchana. Ni viti vyenye kiyoyozi. Treni isiyo na CC, chukua 3A, vitanda vya ngazi tatu vyenye kiyoyozi. Mtoto chini ya miaka 5 husafiri bila nauli. Wa miaka 5 hadi 11 hulipa nusu akikaa bila kitanda chake, na nauli kamili akitaka nafasi yake.

Angalia herufi kwenye tiketi. CNF maana yake una nafasi. RAC una haki ya kupanda lakini mnaweza kugawana kiti. WL uko kwenye orodha ya kusubiri, na tiketi ya mtandaoni ikibaki WL mpaka orodha ya abiria inatoka, inajifuta yenyewe na huruhusiwi kupanda. Usiende stesheni na watoto ukiwa na WL kwa matumaini.

Delhi ina stesheni kadhaa kubwa: New Delhi (NDLS), Delhi Junction (DLI) na Hazrat Nizamuddin (NZM). Umbali kati yao kwenye foleni unatosha kukukosesha treni. Gatimaan Express ya kwenda Agra Cantt huondoka Nizamuddin asubuhi, hutumia dakika 100 hivi na haitembei Ijumaa. Bharatpur kwenda Sawai Madhopur ni zaidi kidogo ya saa mbili. Sawai Madhopur kwenda Jaipur ni karibu hivyohivyo.

Mtego mwingine uko kwenye tarehe. Treni iliyoandikwa 00:20 tarehe 14 unaifuata stesheni usiku wa tarehe 13. Ukihesabu saa Kiswahili, "saa sita na dakika 20 usiku wa tarehe 14", utafika siku moja baadaye.

Hatua ya 5: Viza na kadi ya njano

Watanzania na Wakenya wanaomba viza ya mtandaoni. Tumia tovuti inayoishia na gov.in tu, zipo nyingi zenye jina la kufanana zinazotoza mara mbili au tatu. Viza ya siku 30 inaombwa ndani ya siku 30 kabla ya kuwasili, na isiwe chini ya siku 4. Kila mtoto, hata mchanga, ana ombi lake. Pasipoti iwe na miezi 6 mbele na kurasa mbili tupu. Maombi mengi hukwamia kwenye mafaili: picha iwe ya mraba, mandhari meupe, JPEG isiyozidi MB 1, ukurasa wa pasipoti uwe PDF isiyozidi KB 300. Picha ya simu kwa kawaida ni kubwa kuliko hapo, ipunguze kwanza. Ndani ya saa 72 kabla ya kutua, jaza pia kadi ya kuwasili ya mtandaoni, haina malipo.

Cheti cha homa ya manjano usikichukulie kama karatasi ya kujaza begi. India inaweza kumweka karantini hadi siku 6 mtu anayetoka nchi yenye ugonjwa huo bila cheti, na Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zinahesabiwa. Mtanzania anayepitia Nairobi au Addis Ababa naye achanje, asianze kubishana na afisa wa afya saa nane usiku. Chanjo huhesabika baada ya siku 10.

Hatua ya 6: Taj Mahal

Kata tiketi mtandaoni. Mgeni hulipa rupia 1,100, pamoja na 200 za kuingia ndani ya kaburi. Walio chini ya miaka 15 ni bure, ila beba pasipoti zao. Tiketi ina muda wa saa tatu. Geti hufunguliwa karibu nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Ukienda Desemba au Januari, puuza ushauri wa alfajiri unaorudiwa kila mahali: ingia mchana, ukungu ukishaisha.

Begi liwe dogo sana. Ukaguzi hunyang'anya biskuti, pipi, vinyago, viberiti na tripodi, na foleni ya kurudi kuweka vitu kabatini inakula saa nzima. Walishe watoto kabla. Magari ya mafuta hayasogei karibu. Kutoka maegesho ya upande wa mashariki kuna magari ya umeme.

Watoto wakianza kununa, wape kazi ya kutafuta kitu kisicholingana pande mbili. Jengo zima limepimwa kulia kama kushoto, isipokuwa kitu kimoja: Mumtaz Mahal, mke wa mfalme Shah Jahan, aliyefariki mwaka 1631 na kujengewa kaburi hili, amewekewa jeneza la marmari katikati kabisa, na la Shah Jahan lililoongezwa baadaye limesukumwa upande wa magharibi. Waonyeshe pia minara minne: imeinama kidogo kwenda nje, ili ikianguka isiliangukie kaburi.

Ngome ya Agra, aliyojenga mfalme Akbar kuanzia 1565, ione siku iliyotangulia. Humo ndimo Shah Jahan alimofungwa na mwanawe kuanzia 1658 hadi kufa kwake 1666, na kutoka barazani Taj inaonekana kwa mbali, mto Yamuna unapopinda. Mtoto aliyekwisha kusikia kisa hicho huingia Taj kesho yake akiwa na maswali.

Hatua ya 7: Fatehpur Sikri na Keoladeo

Fatehpur Sikri iko mwendo wa saa moja kutoka Agra. Akbar aliufanya mji mkuu mwaka 1571 na kuuacha 1585. Sehemu ya kasri ina tiketi, msikiti hauna, na hapo ndipo vijana wanaojiita waongozaji wanapokuvizia. Anza na kasri. Ukifika msikitini, Buland Darwaza ina urefu wa mita 54 na ngazi zake zinachoma nyayo, kwani viatu mnavua: vaeni soksi.

Keoladeo ni ya kupumzisha miguu. Magari hayaingii ndani. Mnapanda riksho za baiskeli zinazolipwa kwa saa, na wengi wa waendeshaji wanawajua ndege kuliko kitabu. Mbili zinatosha watu wanne. Korongo wa rangi, korongo-sarus anayefika kimo cha mtu mzima, bundi kwenye matundu ya miti, vyote mnaviona kwa karibu. Karibu na hekalu kuna mawe yaliyochongwa hesabu za uwindaji wa wakubwa wa zamani; siku moja mwaka 1938 waliuawa ndege 4,273.

Hatua ya 8: Ndani ya Ranthambore

Zamu huchukua saa tatu na nusu hivi. Wote waende choo kabla, maana kushuka garini ni kwenye vituo maalumu tu. Januari alfajiri joto huwa chini ya nyuzi 10 na gari halina paa: sweta, koti, kofia na blanketi la hoteli. Familia za pwani ndizo hupuuza hili. Msivae rangi za kung'aa, na bebeni kamera ya kawaida, kwani simu zinaweza kukatazwa ndani.

Huu ni msitu mkavu wenye vichaka, hamtaona mbali. Kazi hufanywa kwa masikio: mnasikiliza wanyama wengine wakionyana kwamba chui milia yuko karibu. Mwongozaji atamwambia dereva azime injini, na hapo watoto wanyamaze kabisa. Paa wenye madoa wakilia, huenda wameshtuka bure. Langur, nyani mwenye mkia mrefu, akikohoa juu ya mti, yeye anaona mbali, msikilizeni. Kulungu mkubwa wa sambar akitoa ule mlio wake mmoja mzito na kuurudia, mkia ukiwa juu na uso umeelekea upande mmoja, dereva hataondoka hapo, na ninyi msimharakishe.

Ijumaa mchana pandeni ngome ya Ranthambore. Haina kiingilio, ngazi ni nyingi, na nyani watawapora chakula chochote kinachoonekana.

Hatua ya 9: Jaipur na kurudi

Ngome ya Amber asubuhi, mkipanda kwa miguu au kwa jipu. Tembo wanaobeba watalii waacheni, joto na uzito ule si wa kumlipia mtoto. Alasiri Jantar Mantar, uwanja wa kale wa vipimo vya jua na nyota, ambako saa kubwa ya kivuli husoma majira kwa tofauti ya sekunde 2. Nendeni jua likiwa kali, bila kivuli hakuna cha kuona. Kasri la Hawa Mahal linapendeza zaidi ukiwa upande wa pili wa barabara.

Kama ndege yenu ya kurudi inaanzia Mumbai, angalia mizigo: ndege nyingi za ndani ya India huruhusu kilo 15 tu kwa tiketi ya kawaida, hata kama ile ya kimataifa inawapa kilo 46. Nunua kilo za ziada mtandaoni kabla, kaunta ni ghali. Na mlangoni mwa uwanja wa ndege askari hawamruhusu mtu kuingia bila tiketi na pasipoti mkononi, kwa hiyo chapisha tiketi za wote, usitegemee simu iliyoishiwa chaji.