Kupima tezi dume: uamuzi unaanza kabla ya sindano

Mimi ni muuguzi katika kliniki ya magonjwa ya njia ya mkojo, na kazi yangu kubwa ni kukaa na wanaume kabla hawajamwona daktari. Kila anayekuja kupima PSA, kipimo cha damu cha kutafuta saratani ya tezi dume, namuuliza kwanza, hata kabla sijamfunga mpira mkononi: majibu yakija juu, utafanya nini? Wengi hawajawahi kuulizwa hivyo. Wameambiwa tu "kapime". Mimi nataka mtu aijue njia yote kabla hajaanza kuipita.

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, iwe nzima au ina saratani. Tezi yenyewe iko chini ya kibofu na imeuzunguka mrija wa mkojo. Kiasi kidogo cha protini hiyo huvujia kwenye damu, na hicho ndicho maabara inachopima. Kwa hiyo PSA ikipanda, ujue tezi ina jambo. Ni jambo gani, damu peke yake haisemi. Huenda ni saratani, huenda tezi imetanuka kwa umri, huenda ni maambukizi.

Usisubiri dalili. Saratani hii ikiwa changa mara nyingi haiumi wala haisumbui. Mkojo kutoka kwa kusuasua na kuamka usiku mara kwa mara mara nyingi ni tezi kutanuka tu. Ila ukiona damu kwenye mkojo, au una maumivu ya mifupa yasiyoisha, nenda hospitali ukaeleze hayo hayo. Wewe unahitaji matibabu, si uchunguzi wa kawaida.

Mwanaume asiye na hatari ya ziada azungumze na daktari anapofika miaka 50 hivi. Mtu mweusi, au aliye na baba au ndugu wa kiume wa damu aliyeugua, aanze mapema zaidi, kati ya miaka 40 na 45. Ukiwa na baba au kaka aliyeugua, hatari yako inakuwa karibu mara mbili. Ulizia na upande wa wanawake. Mama, dada au shangazi aliyeugua saratani ya matiti au ya ovari anahusika hapa, kwa sababu hitilafu ya jeni iitwayo BRCA2 hurithiwa na wanaume pia, na saratani inayotokana nayo huwa kali. Hili karibu kila mtu hulisahau.

Faida ya kupima ipo, lakini ni vizuri uione kwa kipimo chake. Utafiti mkubwa wa Ulaya ulioanza mwaka 1993 ulifuatilia wanaume kwa miaka 23: vifo vya saratani hii vilipungua kwa asilimia 13 kwa walioitwa kupima, yaani kifo kimoja kiliepushwa kwa kila wanaume 456 walioitwa. Upande wa pili, wengine waligunduliwa saratani ambayo isingewadhuru maisha yao yote. Pima yote mawili, kisha uamue.

Ukishaamua, jiandae. Huna haja ya kufunga kula. Siku mbili kabla, jizuie na tendo la ndoa na kutoa manii kwa njia yoyote, na uache baiskeli na mazoezi mazito. Kama umetibiwa maambukizi ya njia ya mkojo karibuni, subiri wiki 6. Kama uliwekewa mpira wa mkojo, sema. Taja na dawa zako zote. Finasteride na dutasteride, dawa za tezi iliyotanuka, zikitumika kwa miezi kadhaa, hushusha PSA hadi karibu nusu, kwa hiyo 3 ya kwenye karatasi inaweza kuwa 6 ya kweli. Finasteride hutumika pia kuzuia upara, na anayeimeza kwa ajili ya nywele hafikirii kabisa kumtajia muuguzi.

Baba mmoja alinijia na karatasi ameikunja vipande vidogo kwenye mfuko wa shati. PSA 7.2. Alikuwa ameshaanza kuwaaga ndugu. Nikamuuliza polepole, akasema wiki mbili kabla ya kupima mkojo ulikuwa unamchoma na akapewa dawa. Tukasubiri, akarudia, ikawa 2.9. Ndiyo maana PSA ikija juu mara ya kwanza, hatua ya kwanza huwa ni kurudia baada ya wiki chache, ikiwezekana maabara ile ile.

Kwa miaka mingi nanogramu 4 kwa mililita ndiyo iliyohesabiwa kuwa mpaka. Siku hizi wengi hutumia 3 au huangalia umri. PSA ikiwa kati ya 4 na 10, takriban mmoja kati ya wanne hukutwa na saratani. Ikizidi 10, uwezekano unapita nusu. Ikiwa chini ya 4, saratani bado inaweza kuwepo, hivyo mwenendo wa namba kwa miaka ni muhimu kuliko namba ya siku moja.

Kipimo cha kidole ndicho kinachowakimbiza wengi. Unalala kwa ubavu wa kushoto, magoti yamevutwa kifuani. Daktari anavaa glavu, anapaka jeli, anaingiza kidole kimoja kwenye njia ya haja kubwa na kupapasa tezi kama ina uvimbe au ugumu. Haifiki dakika moja. Unahisi kubanwa na kama unataka kukojoa, basi. Peke yake hakitoshi, na kukikataa kusikuzuie kupima damu.

PSA ikibaki juu, omba MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, kama ipo, kabla hujatolewa kinyama, yaani kipande kidogo cha tezi kinachochukuliwa kwa sindano. Picha hupewa alama 1 hadi 5. 1 na 2 mara nyingi humwepusha mtu na sindano, 4 na 5 huonyesha pa kuchoma. Kinyama huchukuliwa kupitia njia ya haja kubwa au kupitia msamba. Uliza ni ipi, maana ya msamba ina hatari ndogo ya maambukizi. Baadaye damu kidogo kwenye mkojo ni kawaida, na kwenye shahawa inaweza kuonekana kwa wiki kadhaa. Homa si kawaida: rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Ukiambiwa ni saratani, uliza alama ya Gleason, inayoonyesha ukali wa saratani. Ikiwa 6, kwa kawaida wengi hufuatiliwa tu kwa PSA, MRI na vinyama vya kurudia, bila upasuaji wala mionzi, ambavyo vinaweza kuharibu uwezo wa kuzuia mkojo na nguvu za kiume. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2023 ulifuatilia zaidi ya wanaume 1,600 waliokutwa na saratani isiyosambaa. Baada ya miaka 15, takriban asilimia 97 hawakuwa wamekufa kwa saratani hiyo, wawe walipasuliwa, walipigwa mionzi au walifuatiliwa.

PSA ikiwa chini, unarudi baada ya mwaka mmoja, miwili au zaidi, kulingana na namba na hatari yako. Ukipita miaka 70, kupima kwa mazoea hakushauriwi kwa wengi. Tunza karatasi zote, kila moja na tarehe, maabara na dawa ulizokuwa unatumia siku hiyo.