Kulaza bomba la dizeli kutoka kwenye tangi hadi kwenye kichomeo cha tanuri la mkate

Tanuri la bekari linapozimikazimika alfajiri, fundi anayeitwa huanza kwa kufungua nozeli (kitundu kidogo kinachonyunyiza mafuta motoni), na mara nyingi nozeli haina kosa lolote. Pampu ya kichomeo huyavuta mafuta, kwa hiyo kiungio kilicholegea upande wa kuvuta mara nyingi hakidondoshi hata tone moja. Huingiza hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoukata moto. Ndiyo maana bomba hili halilazwi kama bomba la maji.

Kwanza amua tangi litakaa wapi. Likiwa juu ya pampu, mafuta hushuka yenyewe na bomba moja hutosha, ila kwa vichomeo vidogo kimo kisizidi mita 4 hivi, kwa sababu uzito wa mafuta huielemea sili ya pampu (kizuizi kinachozuia mafuta kuvuja). Likiwa chini, laza mabomba mawili, moja la kuvuta na jingine la kurudisha mafuta ya ziada tangini. Kila mita ya kupandisha dizeli huhitaji mvuto wa takriban bar 0.08 (bar ni kipimo cha shinikizo), na kikomo kinachotajwa sana katika vitabu vya vichomeo ni bar 0.4, kwa kuwa zaidi ya hapo gesi hujitenga na mafuta na pampu hunguruma kama iliyomeza kokoto. Kupandisha mita 4 peke yake kumekwisha kula bar 0.32 kabla ya filta na kona kuhesabiwa. Mimi sipendi kuzidi mita 2.

Kabla ya kufunga lolote, soma kitabu cha pampu uone skrubu ndogo ya ndani inayoelekeza mafuta ya ziada. Kwa mabomba mawili skrubu hiyo huwekwa. Kwa bomba moja lazima itolewe, la sivyo mafuta hukosa pa kutokea na sili hupasuka muda mfupi baada ya kuwasha. Kwa sababu iyo hiyo, usiweke koki kwenye bomba la kurudisha, kwani siku moja mtu ataifunga.

Tumia bomba laini la shaba nyekundu. Kwa tanuri dogo, lenye kipenyo cha nje cha milimita 10 kwa kawaida hutosha. Mabomba ya maji yaliyopakwa zinki ni rahisi kupatikana, lakini zinki ikikutana na asidi zilizomo katika mafuta hufanya utando kama sabuni, unaoziba filta na nozeli. Lehemu ya bati pia haifai, kwa kuwa huyeyuka moto unapotokea. Kata bomba kwa kikata bomba badala ya msumeno, kwangua makali ya ndani, kisha valisha nati kabla ya kupanua mdomo wa bomba (hakuna fundi ambaye hajawahi kuisahau). Mdomo uliopanuliwa uwe laini, usio na ufa wala mkwaruzo. Ile tepu nyeupe ya mabomba ya maji iache kabisa, maana nyuzi zake hukatika na kusafiri hadi kwenye nozeli. Kwenye hesi (mikato ya kukazia skrubu) pakaa gundi inayostahimili dizeli.

Mdomo wa kuvutia ukae kama sentimita 10 juu ya sakafu ya tangi, kwa kuwa maji na matope hutuama chini, nako huwekwa koki ya kuyatolea. Karibu na kichomeo funga koki, kisha filta. Bomba lisipite juu ya tanuri. Weka pia vali inayojifunga kwa joto, ukichagua kiwango kinachozidi joto la kawaida la chumba hicho, ama sivyo itajifunga katikati ya kuoka.

Kabla ya kuunganisha pampu na filta, ziba ncha, jaza hewa hadi bar 1, paka povu la sabuni kila kiungio, na subiri nusu saa, geji isishuke. Baada ya kuunganisha, legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye pampu na kinga mafuta kwa mpira mwangavu hadi mapovu yaishe. Mwisho, funga geji ya mvuto, washa tanuri, na uandike kipimo ukutani kando ya kichomeo. Miezi ijayo kikipanda, filta au bomba limeanza kuziba. Kikishuka huku moto ukiyumba, kiungio fulani kinavuta hewa.