Kukata na kupinda doti ya kanga

Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vilivyoungana, kila kimoja karibu sentimita 150 kwa 110. Mombasa wengi huiita leso, kutokana na neno la Kireno lenço, kitambaa cha mkononi. Zamani vitambaa hivyo vilishonwa pamoja hadi vikatosha kuwa vazi.

Tandaza doti mezani, utafute mahali pindo, yaani mipaka iliyochapwa ukingoni, za vipande viwili zinapokutana. Kata hapo kwa mkasi mkali. Usikunje doti katikati ukakata kwa kukisia: chapa, yaani michoro ya kitambaa, mara nyingi huwa imepinda kidogo, na kipande kimoja kitabaki na pindo nyembamba, kasoro isiyofichika. Usichane kwa mkono pia, maana mchano hufuata uzi, si chapa.

Pinda ncha zilizokatwa tu, nusu sentimita mara mbili, kisha shona. Kingo ndefu hazifumuki.

Fua peke yake kwa maji baridi. Rangi itatoka, hasa nyekundu, na wanga unaokakamaza kanga mpya ukiisha kitambaa hulainika.

Ukijifunga, jina, yaani msemo ulioandikwa kwenye kanga, liwe chini, lisomeke bila kupinduka. Jina lililopinduka huonekana mbali.