Mwenzako akipata pancha mlimani: lini umngoje, lini uende zako

Kwenye benchi la karakana yangu hapa Moshi pana kopo la maziwa ya unga lililojaa misumari. Kila ninapong'oa msumari kwenye tairi la kijana ninayemfundisha, nautia humo. Mingi ni ya bati, michache ni ya viatu, na imo miiba ya mgunga pia. Kijana mpya akija kutaka kujifunza mbio za baiskeli, namwaga vitu hivyo mbele yake na kumwuliza: mko wawili mlimani, mpinzani wako akakanyaga huu, utafanya nini?

Wengi hujibu palepale, "Nitamngoja, kocha." Nafurahi kulisikia jibu hilo, ila halitoshi. Utamngoja vipi ilhali nyuma yenu kuna watu mia wanakuja kwa kasi? Utamngoja hata kama ni cheni yake iliyochakaa na hakutaka kuibadili? Mambo haya hayaamuliwi mlimani, pumzi imekwisha na moyo unadunda. Yanaamuliwa asubuhi, mnapojaza upepo.

Kazi ya kwanza ni kupiga kelele

Kabla hata ya kufikiria kungoja, ukiona kitu barabarani, sema. Taja kitu chenyewe: "Misumari!" "Mafuta!" "Shimo kushoto!" Nyoosha kidole chini upande kilipo, na wa nyuma yako arudie mpaka mkiani. Mpinzani wako mkubwa naye anastahili kuambiwa, kama mwenzako wa timu.

Naanza na hili kwa sababu mimi sikulifanya. Tulikuwa tunatoka Himo kurudi Moshi, tumebaki wawili mbele, na aliyekuwa nyuma yangu alikuwa na nguvu kunizidi. Nikaona misumari ya bati imetapakaa kwenye lami, mita kama ishirini hivi. Nikaikwepa kimya kimya. Nilisikia matairi yake yote mawili yakitoa upepo, nami nikainama kwenye usukani nikakanyaga. Zawadi ilikuwa redio. Baada ya miezi miwili nilimpelekea nyumbani kwake, akakataa kuipokea. Aliniambia, "Kaka, ungesema tu 'misumari'." Hakulalamika kwamba sikumngoja. Alilalamika kwamba niliona nikanyamaza, na alikuwa na haki.

Tenganisha msumari wa mtu na cheni yako mwenyewe

Swali la pili ni hili: kilichompata mwenzako kimetoka ndani ya mbio au nje yake? Mvua, kona kali, njaa, uchovu, cheni kuruka, vyote hivyo ni mbio. Msumari uliomwagwa makusudi, mfuko wa mtazamaji ulionasa usukani, ngumi ya shabiki, hivyo si mbio. Vikitokea, mngoje. Kwa vijana wangu hilo halina mjadala.

Mfano ninaoutumia kila mwaka ni wa Jumapili ya tarehe 15 Julai 2012, hatua ya 14 ya Tour de France, mbio za Ufaransa zinazoendeshwa kwa hatua za siku moja moja, kutoka Limoux hadi Foix. Nilikuwa kwa jirani mwenye king'amuzi. Karibu na kilele cha Mur de Péguère, mlima wenye sehemu kali kupita asilimia 15, mtu alikuwa amemwaga misumari midogo, ile ya kupigia mazulia. Matairi yakaanza kuisha upepo moja baada ya jingine, kama waendeshaji 30 hivi. Cadel Evans, bingwa wa mwaka uliotangulia, alipata pancha tatu. Ya kwanza ilimkuta kileleni bila mwenzake wa timu karibu, akasimama pembeni akiangalia barabara ya chini, gari la timu halionekani. Mwendeshaji mwingine, Robert Kišerlovski, alianguka akavunjika mtulinga.

Evans siku hiyo alikuwa wa nne kwa jumla ya muda, dakika 3 na sekunde 19 nyuma ya Bradley Wiggins mwenye jezi ya njano, ile ya anayeongoza mbio zote. Wiggins angekanyaga tu, Evans angekuwa amekwisha. Badala yake alilituliza kundi, na kundi likatii. Tazama ni nani aliyetoa amri. Mwenye jezi ndiye mwenye sauti, kwa kuwa ndiye anayepoteza nafasi kwa kungoja. Aliye wa hamsini akiinua mkono, huenda wasimwangalie hata mara mbili.

Kuna mambo mawili zaidi ya siku ile ambayo watu huyasahau. Waliokuwa wametoroka mbele hawakungoja, wala hakuna aliyewadai wangoje. Luis León Sánchez akashinda hatua, na kundi la Wiggins likafika zaidi ya dakika 18 baadaye. Halafu Pierre Rolland alichomoka wakati wenzake wametulia, watu wakamkasirikia. Yeye alieleza kwamba hakujua kilichotokea nyuma, na baadaye kundi likampata. Mimi namwamini. Mlimani, kwenye kelele za watu, mtu hajui kitu mpaka aambiwe, na ndiyo maana nimeanza na kupiga kelele.

Hujuma ya namna hii ni ya kale kama mbio zenyewe. Kwenye Tour ya 1904 mashabiki walimwaga misumari, na usiku mmoja mlimani karibu na Saint-Étienne walimvamia Maurice Garin na wenzake kwa mawe na fimbo ili kijana wa kwao, Antoine Fauré, apate kutangulia. Waendeshaji nao walidanganya sana mwaka ule. Desemba, wanne wa kwanza wote walifutwa, na ushindi akapewa Henri Cornet, kijana wa miaka 19.

Sasa cheni. Tarehe 19 Julai 2010, kwenye mlima wa Port de Balès, Andy Schleck akiwa na jezi ya njano alishambulia, cheni ikamtoka. Alberto Contador akampita na hakungoja. Alipata sekunde 39 na kuichukua jezi kwa tofauti ya sekunde 8, na jioni ile aliomba radhi kwa video. Tour ilipoisha Paris, tofauti yao ilikuwa sekunde 39 zilezile. Miaka miwili baadaye Contador alinyang'anywa ushindi huo kwa sababu ya dawa iliyokatazwa, lakini hiyo ni kesi nyingine, isichanganywe na cheni.

Vijana hubishana sana hapa, nami nawaachia wabishane kabla sijasema langu. Mimi ni fundi. Kwa fundi, cheni ni sehemu ya mbio kama mapafu yalivyo. Anayebadili gia kwa nguvu chini ya mzigo mkubwa anajua anachokihatarisha. Contador hakuvunja sheria. Hata hivyo, ningekuwa kocha wake ningemwambia amngoje, kwa sababu jezi ya njano ilikuwa mbele ya macho yake na alikuwa na siku nyingine za kuipigania kwa miguu.

Kungoja kwa jambo la ndani ya mbio ni zawadi, si deni. Mwaka 2022, kwenye mteremko wa Col de Spandelles, Tadej Pogačar alikosea kona akaanguka mwenyewe huku akimkimbiza Jonas Vingegaard aliyevaa njano. Vingegaard hakulazimika kufanya lolote. Alipunguza mwendo, Pogačar akafika, wakashikana mikono wakiwa bado wanateremka. Kisha kwenye mlima wa Hautacam Vingegaard akamwacha na kushinda hatua. Nikiwaonyesha vijana kipande kile, huwa natulia kidogo kwenye ile mikono.

Na usitoe zawadi ukitarajia kurudishiwa. Tom Dumoulin, Giro d'Italia 2017, mbio kubwa za Italia: Jumapili, kuelekea Bergamo, Nairo Quintana alianguka kwenye mteremko na Dumoulin akalituliza kundi mpaka akarudi. Jumanne tumbo lilimshika Dumoulin, akatupa baiskeli pembeni akajisaidia shambani, na wapinzani wakaendelea na mbio. Alipoteza zaidi ya dakika mbili. Alishinda Giro ile hata hivyo, akimzidi Quintana kwa sekunde 31.

Jinsi ya kulituliza kundi

Usifunge breki. Ukifunga breki ukiwa mbele, umeangusha watu kumi. Acha kukanyaga polepole, kaa wima upepo ukupige kifuani, inua mkono mmoja, kiganja wazi. Kisha sema na manahodha wa timu mbili tatu kubwa, maana sauti ya mtu mmoja haitoshi. Wakikubali, wao watawazuia watu wao.

Endelea kusogea. Kundi likisimama kabisa, miguu inapoa na magari ya nyuma yanabanana, na yule unayemngoja ndiye atakayekwama nyuma ya magari hayo. Kwenye barabara tambarare nawaambia vijana wasizidi kilomita 25 kwa saa. Mlimani, mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema.

Akifika, usianze palepale. Mwache anywe maji, mwache apande hadi mbele. Sisi tuna desturi kwamba aliyengojwa ndiye anayesema "Twende". Kwa mabingwa huwa si rahisi hivyo. Mwaka 2003, kwenye Luz Ardiden, Lance Armstrong alinaswa na mfuko wa mtazamaji akaanguka. Tyler Hamilton akainua mkono kuwatuliza waliokuwa mbele, Jan Ullrich akangoja. Armstrong aliporudi, muda si mrefu alishambulia na kushinda hatua, na Ullrich akaikosa Tour kwa dakika 1 na sekunde 1. Armstrong amefutiwa ushindi wake wote wa Tour, na Ullrich naye amekuja kukiri kutumia dawa. Nawaeleza vijana yote hayo bila kuficha, kwa sababu uungwana wa dakika mbili haufuti udanganyifu wa miaka, na udanganyifu wa miaka haubadili ukweli kwamba siku ile Ullrich alingoja.

Tairi lako likichomwa

Kwenye mteremko, tairi la mbele likiisha upepo, nyoosha usukani, usikate kona, tumia breki ya nyuma kidogo kidogo. Likiwa la nyuma, sogeza uzito mbele na ushuke nalo taratibu. Inua mkono upande ule magari yanakopita ili gari la timu likuone. Usisimame upande wa ndani wa kona hata kama kivuli kiko huko.

Umepita juu ya misumari na bado una upepo? Ukiwa na glavu, gusisha kiganja juu ya tairi la mbele linapozunguka, nyuma ya usukani ukielekeza vidole mbele, uondoe kilichoshika kabla hakijazama. La nyuma usilijaribu ukiwa kwenye kundi. Vidole vikiingia kati ya tairi na bomba la kiti, utalia. Msumari uliokwisha kuzama na upepo unatoka kidogo tu, uache mpaka gari lifike. Ukiung'oa, umefungua mlango.

Ukiwa mtazamaji, rudi nyuma hatua moja na uelekeze mgongo wa simu barabarani, macho yako mbioni. Juni 2021, siku ya kwanza kabisa ya Tour, mtazamaji mmoja alinyoosha bango huku akiangalia kamera, Tony Martin akalivaa, na nusu ya kundi ikaanguka juu yake. Hakukusudia kumdhuru mtu, na mifupa ilivunjika vilevile.

Jumamosi

Njia yetu ya Jumamosi tunaifagia wenyewe. Wawili hutangulia saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa pikipiki, na fagio mbili za chelewa, mpaka njia panda ya Himo. Wakikuta misumari michache wanaiokota na kuniletea. Wakikuta imemwagwa, wanapiga picha kwanza, wananipigia simu, kisha wanafagia mita mia moja kabla na mia moja baada, pande zote mbili, kwa kuwa watoto wa shule nao wanapita hapo na baiskeli. Wiki hii zamu ni ya kijana aliyeanza mwezi uliopita. Fagio ziko nyuma ya mlango wa karakana, karibu na lile kopo.